Pasipoti Hufa Kabla ya Tarehe Yake

Tarehe 31 Januari 2018 Rais John Magufuli alizindua pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania jijini Dar es Salaam. Kitabu kipya kilibeba jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye jalada, kikawekewa chipu, na kikapewa uhai wa miaka kumi. Ada ikawa Sh150,000, mara tatu ya ile ya kitabu cha zamani. Waliowahi foleni za miezi ya mwanzo walirudi nyumbani wametulia: pasipoti imepatikana, hadi 2028 hakuna haja ya kukanyaga tena ofisi za Uhamiaji. Wengi waliifungia kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati za viwanja, na huko ndiko iliko mpaka itokee safari.

Hesabu hiyo ya 2028 ndiyo inayonitia wasiwasi. Pasipoti iliyotolewa katikati ya Machi 2018 imeandikwa kwamba itakwisha katikati ya Machi 2028. Lakini kwa anayekwenda Dubai, Jeddah, Muscat, Mumbai au Guangzhou, kitabu hicho kitakuwa kimekwisha kazi ifikapo katikati ya Septemba 2027, nusu mwaka kabla ya tarehe yake. Nchi hizo na nyingine nyingi hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi sita. Majirani zetu Wakenya watatutangulia katika jambo hili, kwa kuwa pasipoti yao ya kielektroniki ilianza kutolewa Septemba 2017.

Jambo hili watu huligundua mahali pabaya kuliko pote: kwenye kaunta ya shirika la ndege, saa mbili au tatu kabla ya kuruka. Ndugu wamekuja kusindikiza. Sanduku limekwisha kupimwa. Karani anafungua ukurasa wenye picha, anaupitisha kwenye mashine, anatazama skrini, anautazama ukurasa mara ya pili, kisha anamwita msimamizi wake. Abiria anaonyesha kwa kidole: hii hapa tarehe, bado miezi minne, haijaisha. Na kweli haijaisha. Hata hivyo hapandi ndege, na tiketi aliyoilipia kwa mamilioni inabaki karatasi. Bima ya safari kwa kawaida haimlipi mtu aliyezuiwa kwa kasoro ya hati zake mwenyewe, na ada ya viza hairudishwi.

Wengi humlaumu karani. Nami nadhani inafaa watu waelewe anachokiona kwenye ile skrini. Mashirika ya ndege hutumia Timatic, kanzidata ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, inayokusanya masharti ya kuingia katika kila nchi. Karani huingiza uraia wa abiria, aina ya hati, nchi anayokwenda, nchi anazopitia na tarehe. Mfumo humjibu kama abiria anaruhusiwa au la. Hana nafasi ya kusema “huyu mama anakwenda kumwona mjukuu, mwacheni apite.” Akimpandisha asiyetimiza masharti, nchi ya huko itamkabidhi abiria huyo kwa shirika lile lile lililomleta. Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, kinalipa shirika jukumu la kumwondoa mtu aliyekataliwa mpakani. Juu ya hapo kuna faini. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2001 linazitaka nchi wanachama zitoze kwa kila abiria asiye na hati zinazotakiwa, ama faini ya chini isiyopungua euro 3,000 ama faini ya juu isiyopungua euro 5,000. Kwa hiyo ukaguzi wa mpaka wa Ulaya au wa Ghuba huanzia hapa hapa Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro au Nairobi, kabla hujaonana na ofisa yeyote wa nchi uendako.

Wapo wanaoamini kwamba sharti la miezi sita limetungwa kuwabana Waafrika. Mambo mengi katika viza yanatubana kweli, lakini hili si mojawapo. Mwingereza na Mjerumani hukutana nalo vilevile, na sisi wenyewe tunalo: Tanzania na Kenya humtaka mgeni aje na pasipoti yenye uhai wa miezi sita. Sababu yake inaeleweka. Nchi inapompokea mgeni inataka uhakika kwamba siku ikifika anaweza kurudi kwao, na mtu mwenye pasipoti iliyokwisha harudishiki kwa urahisi. Huenda akalazwa hospitalini, akafunguliwa kesi, akafiwa na mwenzake, au safari za ndege zikasimama. Machi 2020, Uviko-19 ulipofunga mipaka, watu waliokwenda kwa wiki mbili walijikuta ugenini kwa miezi kadhaa, na waliokuwa na pasipoti za kuelekea ukingoni walikuwa na mzigo wa pili wa kutafuta balozi zilizofungwa milango. Baada ya mwaka ule sijaona haja ya kubishana na sharti hili. Ninachobishana nacho ni kwamba hatulitangazi.

Ugumu ni kwamba kila nchi hupima muda huo kwa namna yake, na hapo ndipo hata msafiri mzoefu huteleza. Nchi nyingi za Ghuba huhesabu miezi sita tangu siku unayoingia. India hutaka miezi sita siku unapoomba viza, tena na kurasa mbili tupu. Nchi za Schengen, yaani Ufaransa, Ujerumani, Italia, Uholanzi na nyingine za kundi hilo, hutaka miezi mitatu, lakini huihesabu tangu siku unayopanga kuondoka kwao. Mtu atakayetoka Paris tarehe 20 Julai anatakiwa awe na pasipoti inayoishi walau mpaka tarehe 20 Oktoba. Uturuki hutaka siku 60 zaidi ya muda wa viza yenyewe, si wa safari yako. Mwenye viza ndefu kwa safari fupi ahesabu kwa viza. Afrika Kusini huridhika na siku 30 baada ya safari kwisha. Uingereza hutaka pasipoti iwe hai kwa muda wote utakaokaa, basi. Marekani kwa kanuni ya jumla hutaka miezi sita zaidi ya muda wa kukaa, ingawa imewaondolea sharti hilo raia wa nchi nyingi zilizofanya nayo makubaliano.

Schengen ina sharti la pili ambalo limewaumiza hasa watu wetu wanaoishi Uingereza: pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita. Mpaka Septemba 2018 Uingereza ilikuwa ikimwongezea mtu anayebadilisha kitabu mapema miezi iliyosalia katika kitabu cha zamani, hadi miezi tisa, hivyo zikawapo pasipoti zenye uhai wa miaka kumi na miezi kadhaa. Ilipotoka katika Umoja wa Ulaya, raia wake wakaanza kupimwa kama wageni wengine, na miezi ile ya nyongeza ikawa haina thamani kwenye milango ya Schengen. Familia zimerudishwa viwanja vya ndege vya London zikiwa na pasipoti ambazo tarehe yake ya mwisho ilikuwa bado. Mwenye kitabu cha namna hiyo asitazame tarehe ya kwisha peke yake. Atazame na ya kutolewa.

Kwa upande wetu wa Pwani safari zinazonihangaisha zaidi ni mbili: ya Hija na ya kazi Ghuba.

Hija ya mwaka 2028 inatarajiwa kuangukia mwanzoni mwa Mei, kwa kutegemea mwandamo wa mwezi. Hesabu miezi sita kuanzia hapo, unafika Novemba. Maana yake pasipoti karibu zote zilizotolewa tangu Februari hadi Oktoba 2018 hazitamfaa haji wa mwaka huo. Sasa fikiria mzee wa Micheweni au wa Kilwa Kivinje ambaye watoto wamechanga kidogo kidogo kwa miaka ili aende Makka. Viza ya Hija hufungwa mapema, majina hupelekwa mapema, na kitabu kikionekana kifupi wakati mlango unakaribia kufungwa, mwenye umri wa miaka 75 huambiwa asubiri mwakani. Kwa umri ule, neno mwakani ni zito. Viongozi wa vikundi vya mahujaji wanaipokea fedha ya amana miezi mingi kabla ya safari. Siku ile ile ya kupokea malipo ya kwanza ndiyo siku ya kufungua pasipoti na kusoma tarehe.

Safari ya kazi ina ubaya mwingine. Binti anayekwenda Oman au Saudi Arabia kwa kazi za ndani kwa mkataba wa miaka miwili anaweza kuondoka na pasipoti iliyobakiza mwaka mmoja na nusu. Kwenye kaunta atapita bila neno, maana miezi sita ipo tele. Tatizo litamfuata huko. Kibali cha ukaazi, ikama kama waitavyo Saudi Arabia, huhitaji pasipoti hai ili kihuishwe. Pasipoti ikifa katikati ya mkataba, ikama haihuishwi, na asiye na ikama hai ni mtu anayeweza kukamatwa barabarani. Ili apate kitabu kipya inambidi afike ubalozini, Riyadh au Muscat, pengine mamia ya kilomita kutoka nyumba anayofanyia kazi, kwa ruhusa ya tajiri. Na mara nyingi kitabu chenyewe amekishika tajiri. Saudi Arabia imekataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi, lakini mazoea hayo hayajakoma, na msichana asiyekiona kitabu chake hawezi kujua kinakufa lini. Ndiyo maana kwa mtu anayekwenda kazini sihesabu miezi sita. Nahesabu mkataba mzima, pamoja na nusu mwaka juu yake. Asiye na muda huo abadilishe kitabu kabla hajatia saini, na wakala wa ajira anayemruhusu kuondoka bila hivyo anamtendea vibaya.

Kabla ya kupanda ndege, kila msafiri abaki na picha ya ukurasa wa mbele wa pasipoti kwenye simu, na nakala nyingine aiache kwa ndugu nyumbani. Chini ya ukurasa huo kuna mistari miwili ya herufi, tarakimu na alama za mshale. Mstari wa chini unabeba tarehe mbili zilizoandikwa kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Ya kwanza ni ya kuzaliwa. Ya pili, inayofuata herufi ya jinsia, ni ya mwisho wa pasipoti. 280311 ni tarehe 11 Machi 2028. Hiyo ndiyo mashine ya kaunta inayoisoma.

Kurasa nazo hufa kabla ya kitabu. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou, Istanbul na Dubai kwa mwaka mara kadhaa, au dereva wa lori anayegongewa mihuri Tunduma, Kasumbalesa na Chirundu, anaweza kumaliza kurasa zote huku kitabu kikiwa na miaka mitano mbele. Kanuni za viza za Schengen hudai kurasa mbili tupu. Afrika Kusini hudai ukurasa usiotumika. Ukurasa wenye muhuri mmoja pembeni hauhesabiwi kuwa mtupu, hata kama robo tatu yake ni nyeupe. Ulaya imeanza kuachana na mihuri tangu tarehe 12 Oktoba 2025, ilipoanza kumsajili mgeni kwa alama za vidole na picha, lakini mipaka yetu ya barabara bado inagonga wino.

Na kuna suala la kitabu kipya kuja na namba mpya. Ukishabadilisha pasipoti, kila kitu kilichofungwa na namba ya zamani kinabaki nyuma: viza ya mtandaoni, tiketi, usajili wa hoteli. Viza nyingi za kielektroniki hukosa maana mara namba inapobadilika, na mtu huambiwa aombe upya. Viza ya Marekani iliyobandikwa ndani ya kitabu kilichokwisha ni tofauti: bado inatumika mpaka tarehe yake, mradi haijaharibiwa, na mwenyewe asafiri na vitabu vyote viwili, cha zamani na kipya. Ndiyo sababu siku ya kuchukua kitabu kipya unapaswa kudai cha zamani chenye viza hai urudishiwe, na usikitupe. Lakini mpangilio ulio salama kuliko wote ni kuanza na pasipoti, kisha viza, kisha tiketi. Watu wetu wengi hufanya kinyume chake, kwa sababu tiketi ya bei nafuu ndiyo inayowaita kwanza.

Watoto nao husahauliwa. Uingereza na Marekani humpa mtoto wa chini ya miaka 16 pasipoti ya miaka mitano tu. Baba na mama wanaoishi Leicester au Minneapolis hutazama vitabu vyao, huona miaka saba mbele, hununua tiketi tano za kuja Mombasa Desemba, na kitinda mimba anakuwa na kitabu kilichobakiza miezi miwili. Safari ya ukoo mzima hukwama kwa ajili ya mtoto wa darasa la kwanza.

Kitu kimoja kimelegezwa, na inafaa kisemwe maana bado kinaleta mabishano: kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Zamani iliishi miaka kumi. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti hicho ni cha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa kwamba muda wake umekwisha. Hapo huhitaji kuchanjwa tena wala kulipa tena.

Turudi kwenye pasipoti za 2018. Vitabu vya zamani vilikomeshwa mwishoni mwa Januari 2020, hivyo umati mkubwa wa Watanzania wanaosafiri ulibadilisha vitabu ndani ya miaka hiyo miwili, 2018 na 2019. Vitabu hivyo vitakufa vyote karibu karibu, na kwa sharti la miezi sita kifo chao kitaanza nusu ya pili ya 2027. Foleni zitarudi. Mwaka 2023 wenzetu wa Nairobi waliona mlundikano wa maombi ya pasipoti Nyayo House ukiwa habari ya taifa zima, watu wakikosa kazi na masomo ya nje kwa kungoja kitabu. Hatuna sababu ya kungoja mpaka tufikie hali ile. Anayetaka kuomba anahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, pasipoti ya zamani, na siku ya kufika mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Na aliyebadilisha jina baada ya ndoa, au mwenye herufi zinazotofautiana kati ya cheti na kitambulisho, atahitaji muda zaidi kuliko anavyodhani. Kwa safari ya dharura kwenda nchi jirani ipo hati ya dharura, lakini hiyo haimfikishi mtu Jeddah.

Mzigo huu wote leo umewekwa juu ya msafiri, na sioni haki katika hilo. Anayeuza tiketi ameona safari nyingi kuliko mnunuzi. Mara nyingi anapewa jina la abiria kama lilivyo kwenye pasipoti, pengine na picha ya ukurasa wenyewe kupitia WhatsApp. Tarehe ya mwisho ipo mbele ya macho yake. Swali moja tu, pasipoti inakwisha lini, lingeokoa fedha ambazo familia imezikopa. Wakala asiyeuliza swali hilo hajamaliza kazi aliyolipwa, na wanunuzi tuanze kuwapima mawakala kwa hilo.

Idara ya Uhamiaji nayo inaijua tarehe ya kila kitabu ilichokitoa, na mwombaji huacha namba yake ya simu kwenye fomu. Ujumbe mfupi wa maneno miezi kumi na miwili kabla ya pasipoti kukwisha, ukieleza kwamba nchi nyingi hudai miezi sita, ungegharimu kidogo sana ukilinganisha na hasara ya tiketi moja ya Dubai. Naomba uanze kutumwa kabla ya 2027, kwa waliopata vitabu mwaka 2018 kwanza.

Na wewe msomaji, kama una safari ndani ya mwaka huu au ujao, itoe pasipoti ulikoiweka, soma tarehe, hesabu kurasa tupu, kisha uliza ubalozi wa nchi uendako au shirika la ndege wanahesabu vipi. Vitabu vya watoto vikague siku hiyo hiyo. Ikiwa imebakia chini ya mwaka mmoja, omba kipya kabla hujamlipa mtu yeyote fedha ya tiketi.